Deki Iliyosoma Kila Kitu

Aliyeingia Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 2005 na fedha za upatu mfukoni, akitafuta deki ya DVD, hakuulizwa anapenda picha ya namna gani. Aliulizwa anatazama nini. Kama ni filamu za kukodi mtaani, zilizokwisha kupita mikononi mwa watoto wa kila nyumba, alioneshwa deki ya aina moja. Kama ni diski halisi alizoletewa na ndugu wa Ulaya, alioneshwa nyingine, ya bei ya juu, na muuzaji naye akabadili sauti. Wauza vifaa wa Mtaa wa Aggrey na Msimbazi walikuwa na elimu hiyo vidoleni ingawa hakuna aliyeisomea darasani. Leo ukipita mitaa ileile ukauliza deki, kijana wa dukani anakutazama kwanza usoni kuona kama unamtania, halafu anakuonesha televisheni ya inchi 43.

Sisi tulikuwa watu wa diski za kukodi. Nyumbani Magomeni palikuwa na TV ya chogo ya inchi 21, na deki ya kanda za VHS iliyokuwa imeanza kutafuna kanda za watu hadi mama akachoka kuzilipia. Zamu yake ya upatu ilipofika alinikabidhi fedha pamoja na sharti moja: “Mwanangu, usiniletee kitu cha kudeka.” Wadogo zangu walitaka filamu za Jet Li. Shemeji, aliyekuwa bado anamposa dada yetu na kwa hiyo ana bidii ya kila kitu, alitaka hom thieta: spika tano, sabufa chini ya meza, risasi zipite nyuma ya kisogo. Aliahidi kuongezea fedha. Aliongezea maneno.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepitia zama za VCD, ambazo sasa hata waliozipitia wanazichanganya na DVD. VCD ilikuwa CD ya kawaida iliyobebeshwa picha. Ilimeza dakika 74 hivi, na picha yake ilikuwa na mistari 288 ilhali ya DVD ina 576. Filamu ya Kizungu ilikaa kwenye diski mbili. Ya Kihindi iliweza kuhitaji tatu. Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001 ina saa tatu na nusu, na kwa mama muda wa kubadilisha diski ndio uliokuwa wa kwenda kugeuza maandazi. DVD yenyewe ilikuwa imeanza kuuzwa Japani Novemba 1996, lakini kwetu iliingia kama mgeni wa mjini tu kwa miaka mingi, mpaka viwanda vya China vilipoishusha bei ikafika ilipo mifuko yetu.

Nilianzia Barabara ya Samora, kwenye duka la vioo na kiyoyozi. Deki ya Kijapani pale ilikuwa nzito, ya rangi ya fedha, na trei yake ilitoka taratibu bila kutetemeka. Muuzaji, mtu mzima mwenye adabu, alinitajia sifa zake moja baada ya nyingine: matundu matatu ya picha, nyekundu, kijani na buluu, kwa ajili ya rangi safi zaidi, tundu la sauti linalotumia waya wa mwanga, uwezo wa kutuma picha nzima kwa mpigo badala ya kutuma mistari ya shufwa kisha ya witiri kwa zamu. Yote kweli. Ila TV yetu ya chogo ilikuwa na tundu moja tu la picha, lile la njano, na picha ya mpigo mmoja isingejua hata pa kuianzia. Sehemu kubwa ya bei ile ilikuwa ya vitu ambavyo nyumba yetu isingeweza kuvionja. Mtu angevilipia, akavifunika kitambaa cha kufuma, vikafa bila kutumika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja mpaka nilipouliza. Studio za filamu zilikuwa zimeigawa dunia mafungu: Marekani na Kanada fungu la 1, Ulaya Magharibi, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini fungu la 2, sisi, pamoja na India na Urusi, fungu la 5. Diski ya fungu hili haikupaswa kuchezwa kwenye deki ya fungu lile. Deki ya Samora ilikuwa imetokea Dubai, basi ni ya fungu la 2. Maana yake mtu aliweza kununua deki halali Dar es Salaam, akaletewa na shangazi yake zawadi halali kutoka Chicago, na halali hizo mbili zikakataana sebuleni mbele ya wageni. Diski za bandia hazikuwa na fungu lolote. Zilikubaliwa kila mahali. Walioweka zile kufuli walitaka kulinda soko lao, na kwetu waliishia kumwadhibu yule mmoja katika mia aliyenunua diski halisi.

Kariakoo hapakuwa na mambo hayo. Deki ya Kichina ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ukivuta waya nayo inakufuata. Ukiifungua, kama fundi alivyonionesha baadaye, sehemu kubwa ya kasha ni hewa: trei, bodi ndogo ya umeme, bodi nyingine yenye chipu moja kubwa, basi. Bei haikufika laki.

“Inasoma?” nilimuuliza kijana wa duka.

“Bosi, hii inasoma hata kisosi.”

Wenye akili hawakumwamini mtu kwa maneno. Walikuja na diski yao. Tena si nzuri. Walichukua mbovu kuliko zote nyumbani, ile inayoganda mahali palepale kila siku, wakaizungusha duka hadi duka. Deki iliyovuka pale bila kuganda ndiyo iliyokwenda nyumbani. Sijaona kipimo cha deki kinachoshinda hicho. Jarida la Ulaya lingekuambia habari za rangi nyeusi kuwa nyeusi zaidi. Lisingekuambia kama mashine itavumilia diski iliyopita nyumba kumi, ikadondokewa na mchuzi na kufutwa kwa upindo wa kanga.

Kwa nini zile za bei nafuu zilivumilia? Fundi wetu, aliyekuwa na kibanda chake Magomeni, aliniambia kwamba deki ya gharama ikikuta mahali palipochafuka hurudia kusoma, hurudia tena, mwisho husimama na kukuandikia kwamba diski ni mbovu. Ya Kichina hurukia mbele. Picha inavunjika vipande vya mraba, mtu anasema neno nusu, kisha mambo yanaendelea. Mama aliichukulia ile miraba kama sehemu ya filamu. Kusimama ndiko kulikomuudhi.

Na kulikuwa na PAL na NTSC, mifumo miwili ya rangi iliyowatesa watu waliokuwa na TV za zamani. Diski nyingi za Marekani na Japani ni za NTSC. TV zetu zilizaliwa na PAL. Ukikosea, picha inakuja nyeusi na nyeupe, au inapanda juu kama lifti isiyofika ghorofa. Deki za Kariakoo nyingi zilikuwa na kitufe kwenye rimoti cha kubadilisha mfumo papo hapo. Deki hizi zilitengenezwa na watu waliojua kwamba dunia ni ya mchanganyiko.

Sasa sauti. Hapa ndipo shemeji aliponikuta nimesimama, na hapa ndipo fedha nyingi za watu zilipopotea. Makasha ya sabufa na hom thieta yalipambwa kwa tarakimu: wati 2000, wati 3000, wati 5000, na mwishoni herufi nne, PMPO. Herufi hizo zilimaanisha nguvu ambayo kifaa kingeweza, labda, kwa kufumba na kufumbua, kuitoa, kwa hesabu ambayo kila kiwanda kilijipigia chenyewe. Hapakuwa na kipimo kimoja cha kuwafunga. Dawa yake ilikuwa rahisi: geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa kinakula umeme kiasi gani. Sabufa ya wati 3000 mbele ilikuwa ya wati 60 nyuma. Hakuna kifaa kinachotoa zaidi ya kinachokula. Nilimwonesha shemeji. Alisema kibandiko cha nyuma ni cha Wachina, cha mbele ndicho cha soko letu.

Kwa mwenye fedha kidogo, hata hivyo, palikuwa na njia ya kupata hom thieta ya kweli, ndiyo tuliyoifuata, na nitaitetea hadi leo. Deki kadhaa za bei ya chini zilikuja na matundu sita ya sauti kwa nyuma, kwa kuwa chipu yake iliweza yenyewe kuichambua sauti ya Dolby katika mafungu yake: mbele kushoto na kulia, katikati, nyuma mbili, na besi. Ukanunua sabufa yenye spika tano na matundu sita kama hayo, ukaunganisha kwa nyaya za kawaida zenye vichwa vya rangi, umemaliza. Hukuhitaji amplifaya ya dola mia nne. Kilichobaki ni kuingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya sauti, na kuitoa kwenye stirio ukaiweka 5.1. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyorukwa nyumba nyingi. Nilitembelea sebule za watu waliojivunia spika zao tano, nikaweka sikio kwenye za nyuma: kimya kama kaburi. Zilikuwa hazijawahi kusema neno tangu zitoke dukani, na mwenye nyumba anasifu mlio.

Lakini hata aliyeweka menyu sawasawa alikuwa na tatizo la pili, nalo halikuwa na kitufe. Diski tulizokuwa tukitazama hazikuwa na sauti ya spika tano. Mnakumbuka zile zenye filamu kumi ndani ya diski moja, na kava lenye vichwa vya waigizaji vimebanana kama abiria wa daladala? DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, na filamu moja iliyotengenezwa vizuri inaweza kuimaliza yote. Gawanya kwa kumi: kila filamu inapata isiyofika nusu gigabaiti, chini hata ya ile VCD tuliyoidharau. Zile za tabaka mbili zina gigabaiti 8.5, hesabu haibadiliki sana. Ili filamu zienee, picha ilikamuliwa na sauti ikaachwa ya njia mbili. Na kipenzi cha wadogo zangu, filamu za kutafsiriwa, ndizo zilizokuwa mbali zaidi na Dolby. Mtafsiri Lufufu alikuwa akisimulia juu ya filamu, akiwapa wahusika tabia na maneno ya Kiswahili, sauti yake ikiwa imepanda juu ya sauti zote. Tulijipanga na spika tano na sabufa kumsikiliza mtu mmoja anayezungumza. Sioni aibu kusema kwamba alitosha.

Spika za nyuma zikaanza kuhama. Moja fundi aliiunga na ya mbele, akaipeleka kibarazani ili wanaokaa nje wasikose taarabu. Nyingine iliishia jikoni. Nyumba za majirani zilifanya hivyohivyo. Huo ndio mpangilio wa hom thieta uliokuwa wetu hasa, na waliobuni Dolby hawakuuwazia: mbele sebuleni, nyuma kwa wapishi.

Shemeji alinunua yake, ya seti, deki na amplifaya katika kasha moja. Nilimshauri asifanye hivyo, naye akanijibu kwamba ndiyo ya kisasa. Ubaya wa seti ni huu: deki ndiyo inayokufa kwanza, kwa sababu ina vitu vinavyozunguka na lenzi inayochoka, amplifaya na spika zinaweza kukaa miaka ishirini. Ukizitia katika kasha moja lisilo na tundu la kuingizia sauti kutoka nje, siku lenzi inapokufa vyote vinazikwa pamoja. Yake iligoma kusoma kabla mtoto wao wa kwanza hajatembea. Spika tano zikawa stuli za maua. Muuzaji alikuwa amemwandikia dhamana ya mwaka kwenye risiti, na tulipokwenda kumtafuta, duka lilikuwa la mapazia.

Nisisahau umeme. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgawo, mabwawa yamekauka, na umeme ulirudi kwa kishindo kilichoua vifaa kuliko ulivyoua giza. Kilinda TV, kile kisanduku kinachongoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kilikuwa cha lazima. Na waliovuka kwenda Zanzibar kutafuta vifaa vilivyotumika, vya Japani hasa, walikuja na mashine nzuri zenye sharti dogo lililoandikwa nyuma: volti 100. Soketi zetu zina 230. Mtu alichomeka mara moja tu.

Yetu, ile ya Kariakoo, iliishi. Haikuwa na afya njema, lakini iliishi, na sifa nyingi ni za fundi. Mkanda wa mpira wa trei ulilegea kwa joto, trei ikagoma kutoka. Alitumbukiza mkanda kwenye maji ya moto, ukanywea, ukashika tena. Lenzi ilipotiwa ukungu na hewa ya pwani alisafisha kwa pamba na spiriti. Ilipofika wakati wa kusoma VCD na kukataa DVD, alinieleza kitu ambacho sikukijua: ndani ya kile kijicho kuna miali miwili tofauti, ya CD na ya DVD, na mmoja unaweza kufa mwenzake akabaki mzima. Kuna skrubu ndogo sana ya kuongeza nguvu ya mwali. Aliigeuza kidogo. “Kaka, hapa nimempa mgonjwa uji,” alisema. “Atanyanyuka, lakini msimtegemee.” Ilinyanyuka miezi kadhaa, kisha tukanunua lenzi mpya, ambayo siku hizo ilikuwa imejaa vibandani kama betri za saa.

Harusi ya dada ilikuwa 2007. Mpiga video alileta DVD mbili zenye picha ya maharusi kwenye kava, deki ikazisoma, na mtaa mzima ukaja kujitazama. Tuliitazama mpaka watoto wakajua nani atakohoa wapi. Marehemu baba yumo, amesimama na kipaza sauti asichokizoea, anatoa nasaha, anasahau jina la ukoo wa wakwe, anakumbushwa, anacheka.

Kilichoua deki hakikuja kwa jina la muuaji. Kilikuja kama nyongeza: tundu dogo la USB mbele ya deki mpya. Tulilishangilia. Mwanzoni lilikuwa la nyimbo, kisha likasoma filamu, na vijana wenye kompyuta wakaweka meza mitaani, unawapa flashi wanakujazia. Halafu TV bapa zikaja na tundu hilohilo ubavuni, na deki ikawa mtu wa kati asiye na kazi. Mwisho wa Desemba 2012 Dar es Salaam ikazimiwa mitambo ya analojia. Nafasi ya deki juu ya kabati ikachukuliwa na king'amuzi. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za kubandika kwenye CD na DVD ili kukomesha bandia, jambo jema lililofika wakati wateja wameshaanza kuhama kutoka kwenye diski yenyewe. Filamu za Bongo zilizojenga majina kwa diski, zile za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, za mwigizaji Kanumba na wenzake, zilianza kukosa rafu ya kukaa. Kanumba mwenyewe alikuwa amefariki Aprili 2012.

Ughaibuni mambo yalikwenda kwa njia yao. Kule Blu-ray na HD DVD, diski zilizotaka kurithi DVD, zilipigana mpaka Toshiba, wenye HD DVD, walipokubali kushindwa Februari 2008. Kwetu vita hiyo ilipita juu kama ndege ya usiku, kwa sababu hakuna aliyekuwa na TV ya kuitosha. Oppo, waliotengeneza deki zilizosifiwa kuliko zote na wapenda sinema, walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha. Netflix, walioanza kwa kupeleka DVD majumbani kwa posta, walituma diski ya mwisho 29 Septemba 2023. Waliobaki na diski huko ni wapenzi wa kweli, wanaojua kwamba filamu ya mtandaoni inaweza kuondolewa wakati wowote na mwenye mtandao, nao wana haki. Kwa walio na bajeti ndogo, PlayStation 3 ya mtumba bado ni mashine nzuri ya Blu-ray, na inaikuza picha ya DVD kwa namna inayopendeza kwenye TV kubwa.

Tatizo letu ni jingine. Tuliishindanisha deki na deki, tukahesabu wati, tukabishana na mashemeji, na hakuna aliyeuliza diski yenyewe itadumu muda gani. Filamu ya kiwandani imepigwa muhuri kwenye plastiki, vishimo vyake vipo hata baada ya miaka mingi. Diski ya mpiga video wa harusi si hiyo. Ni ya kuchomwa: ndani yake kuna tabaka la rangi ambalo mwali wa kompyuta uliliunguza kwa madoa, na rangi ile inachuja kwa jua, joto na unyevu, vitu ambavyo pwani hatujawahi kupungukiwa. Geuza diski ya harusi uitazame upande wa chini. Kama ina zambarau au ubuluu, ndiyo hiyo. Kava la picha ya maharusi lililobandikwa juu yake nalo ni baya, kwa kuwa gundi huivuta diski ikapinda kidogo, na lenzi inahangaika.

Dada alinipigia simu mwaka juzi akitaka watoto wake wamwone babu yao. Deki yake haipo, TV yake haina pa kuingizia diski, kompyuta ya mwanawe haina trei. Deki yetu ilikuwa Magomeni, chini ya kabati, na ilisoma. Diski ya kwanza iliganda sana lakini ilikwisha. Ya pili, yenye nasaha za baba, ilivuka kwa ile tabia yake ya kuruka: mraba, neno nusu, mraba, kicheko. Mashine yenye staha ingesimama na kuandika kosa. Tulipata kama robo tatu ya maneno yake, na yaliyobaki dada anayajua kwa moyo.

Basi, ndugu msomaji, kama una deki inayosoma, usiigawe wala usimpe fundi aitoe vipuri. Kama huna, zipo za mtumba kwa bei ndogo kuliko kikapu cha sokoni; nenda na diski yako mbovu, ile ile hesabu ya zamani. Iwe na waya wa njano kama TV yako bado ina tundu lake, au HDMI kama haina. Kwa kunakili, azima au nunua kisomea DVD cha nje cha USB, uchomeke kwenye kompyuta yoyote, unakili folda nzima inayoitwa VIDEO_TS. Programu ya VLC itaicheza bila maswali. Diski ikigoma kwenye kisomea kimoja jaribu kingine, havifanani. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, na dawa ya meno iache kwa meno. Weka nakala mbili, kwa ndugu wawili, katika nyumba mbili. Anza na harusi, maulidi na misiba, ambayo haina nakala popote duniani. Za Jet Li utazipata.